Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano: tunaomba kuonyeshwa karatasi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Waheshimiwa Wabunge wa Mkoa wa Kigoma.

YAH: KUNASWA NA KUFUATILIWA KWA MAWASILIANO YA WANANCHI KWENYE INTANETI BILA AMRI YA MAHAKAMA NA BILA MHUSIKA KUARIFIWA

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni mwenye duka la steshenari na huduma ya intaneti maeneo ya Mwanga, mjini Kigoma. Nina kompyuta sita, mashine ya fotokopi, printa mbili ambazo moja hufanya kazi siku inapojisikia, na kamera moja juu ya mlango ambayo sikuinunua kwa kupenda kwangu. Barua hii naiandika hadharani baada ya kuandika nyingine tatu kimyakimya. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika ofisi moja ya umma hapa mkoani, nikagongewa muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwenye nakala yangu. Ya pili niliituma kwa rejesta. Ya tatu niliipeleka tena mwenyewe, na karani wa masjala akaniambia, bila kuinua uso, kwamba mambo ya namna hiyo "huwa hayajibiwi kwa maandishi". Imepita miezi kumi na moja na sijajibiwa kwa maandishi wala kwa mdomo. Ofisi hizo sitazitaja, kwa sababu sikukusudia kumchongea mtu kazi yake. Ninachokilalamikia ni utaratibu, na utaratibu uko mikononi mwako.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jioni moja ya masika, muda mfupi kabla ya magharibi, waliingia dukani wanaume wawili waliovaa kiraia. Walinisalimia vizuri, wakakataa viti, wakasema wanatoka "serikalini", kisha wakaomba daftari la wateja la miezi miwili pamoja na picha za kamera za siku nne. Nikawauliza kwa adabu kama wana karatasi yoyote, amri ya mahakama au hata barua ya kituo. Mkubwa wao akacheka. "Karatasi ya nini tena, mzee? Kwani wewe si Mtanzania?"

Mheshimiwa, swali hilo likiulizwa Dodoma ni utani. Likiulizwa Kigoma, ambako tulipokwenda kujiandikisha kitambulisho cha Taifa wengi wetu tuliulizwa babu mzaa babu alizikwa wapi, lina ncha. Niliwapa daftari. Walilifungua juu ya mashine ya fotokopi na kulipiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, yule mdogo akilamba kidole ili kurasa zisigandane. Nilihesabu kurasa kumi na saba. Kila ukurasa una mistari ishirini na tano, na kila mstari una jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka na namba ya kompyuta. Walipoondoka waliniambia nisimwambie mtu, na mimi, kwa aibu yangu, nilitii. Wateja wangu waliomo kwenye kurasa zile hawajui hadi leo kwamba majina yao yalichukuliwa, na baadhi yao nawauzia kalamu kila wiki.

Nimeanza na daftari kwa sababu ndilo nililoliona kwa macho yangu. Wale wawili walikuja na miguu yao, wakapita mlangoni, nikapata nafasi ya kuuliza swali langu moja hata kama sikujibiwa. Anayenasa mawasiliano ya intaneti hapiti mlango wa mtu yeyote. Husimama mahali ambapo ujumbe wako unapita, na wewe uliyeutuma huna pa kuulizia karatasi. Hoja zangu zote zinazofuata, kwa namna moja au nyingine, zinahusu karatasi hiyo: ipo? Imesainiwa na nani? Na mwenye mawasiliano ataiona lini?

1. Haki yenyewe haina ubishi, kwa hiyo hapa sitakawia. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi, na Ibara ya 18 inataja waziwazi haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inayabana makampuni ya simu yatunze siri za wateja, na inamhesabu kuwa mhalifu yeyote anayenasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria. Nchi yetu pia iliridhia mwaka 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Ibara yake ya 17 inasema hayohayo.

2. Shida inaanza kwa anayetia saini. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, kifungu cha 31, inamtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano ya mshukiwa wa ugaidi apate kwanza ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aende mahakamani akaombe amri. Mtu anaweza kuwa na maneno juu ya sheria ile, lakini walau ngazi zipo na zinapandwa mbele ya jaji. Sasa ifungue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, vifungu vya 31 na 32. Humo mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana naye, akisharidhika mwenyewe, anaweza kutoa amri kompyuta ikapekuliwe na kuchukuliwa, na anaweza kumwamuru mtu yeyote anayehifadhi taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Anayepeleleza na anayeruhusu upelelezi wamekaa katika jengo moja, pengine wanakunywa chai kwenye birika moja.

Najua mwanasheria wa wizara atasema kwamba sheria hizi mbili hazizungumzii kitu kimoja: ya kwanza inahusu kusikiliza mawasiliano yakiwa njiani, ya pili inahusu kudai taarifa zilizokwisha kuhifadhiwa. Tofauti hiyo ilikuwa na maana enzi za simu ya mezani, ambapo maneno yakishasemwa yalipotea hewani. Leo barua pepe za mtu za miaka sita zimelala kwenye seva, na anayezichukua zikiwa zimelala anapata mengi kuliko ambaye angezisubiri njiani. Kwa kipimo hicho, mshukiwa wa ugaidi ana jaji wa kusimama kati yake na mpelelezi, ilhali mwalimu anayetumia kompyuta yangu namba nne kutafuta uhamisho hana.

Wala kifungu cha 32 hakijalala kwenye karatasi tu. JamiiForums, mtandao wa mijadala ya wananchi, walikipeleka Mahakama Kuu mwaka 2016 wakikipinga. Desemba ya mwaka huohuo mwanzilishi wake alifikishwa mahakamani kwa mashtaka ambayo miongoni mwake lilikuwamo la kuzuia upelelezi, kwa sababu ya kutokabidhi taarifa za watumiaji wake, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kosa hilo. Ikiwa mwenye mtandao mkubwa, aliye na mawakili, alifikia huko, Mheshimiwa, mimi wa kompyuta sita ningesimama na nini?

3. Husemwa kwamba wananchi hawana haja ya kuhofu kwa kuwa siku hizi ujumbe umefungwa kwa msimbo na hausomeki njiani. Kwa kiasi fulani ni kweli, na ninawaambia hivyo wateja wangu. Ujumbe wa mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi unatoka kwenye simu yake, unapanda mnara, unapita mitambo ya kampuni ya simu, unaingia mkongo wa Taifa, na ukielekea ng'ambo unashuka kwenye nyaya za chini ya bahari zinazotokea Dar es Salaam. Kila kituo ni mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kuchungulia, na kama ujumbe umefungwa vizuri ataona mzigo asioweza kuufungua.

Lakini bahasha anaiona. Anaona namba iliyotuma na iliyopokea, saa, dakika zilizotumika, mnara uliokuwa karibu, tovuti iliyotembelewa hata kama ukurasa wenyewe umefichika. Chukua mtu mmoja hapa mjini. Saa mbili asubuhi amepiga simu kliniki ya wanaoishi na VVU. Saa mbili na nusu amempigia dada yake Kasulu na wameongea dakika arobaini. Saa nne amefungua tovuti ya wakili wa mirathi. Saa kumi amenunua tiketi ya basi. Hakuna neno hata moja lililosomwa, na siri yake yote imekwisha kuanikwa kama dagaa juani. Michael Hayden, aliyewahi kuyaongoza mashirika mawili ya ujasusi ya Marekani, NSA na CIA, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba wao huua watu kwa kutegemea taarifa za bahasha za namna hiyo. Mtu wa kazi hiyo akisema bahasha inatosha, sisi ni nani wa kubisha?

Kwetu Kigoma jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana ukiwa mbali. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kaskazini yetu ni Burundi, na kambi ya Nyarugusu imekuwa Kasulu tangu 1996. Mfanyabiashara wa hapa anaongea na Uvira na Kalemie kila siku kuhusu bei ya mafuta ya mawese, mzigo uliochelewa na boti iliyoharibika injini. Mama wa Ujiji ana shangazi Bujumbura. Muuguzi anayefanya kazi kambini hupigiwa na watu asiowajua wanaotafuta ndugu zao. Ukichora ramani ya nani anaongea na nani kwa kutumia bahasha tupu, mkoa mzima utaonekana kama mtandao wa watu wa kutiliwa shaka. Mtambo haujui kwamba huo ndio ujirani wetu, na kwamba tumeishi hivyo tangu kabla ya reli kufika.

4. Woga umeshaingia vinywani. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, na zile za 2020 zilizochukua nafasi yake, zilitutaka sisi wenye huduma za intaneti tuandikishe kila mteja kwa kitambulisho na tufunge kamera ya kurekodi yanayofanyika ndani. Nilifunga. Wiki ya kwanza mzee mmoja wa makamo ya baba yangu aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kijicho kinaona na barua?" Nilimwambia hapana, kinaona watu tu. Akakaa, akavua baraghashia yake, akaining'iniza kwenye pembe ya kompyuta ili ikinge kioo, kisha ndipo akaanza kuandika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Tangu siku ile wapo wengine wanaofanya hivyo kwa kanga, kwa gazeti, hata kwa mkoba. Sijawahi kumkataza mtu.

Baada ya wale wawili kuja, ingawa sikusema, habari zilijua njia yake. Dada aliyekuwa akija kila Jumanne kumwandikia wakili wake kuhusu shamba alilonyang'anywa na shemeji zake hakuonekana tena. Kijana aliyekuwa akiandika makala za uvuvi, akilalamikia nyavu haramu na tozo, siku hizi anakuja kuchapa kadi za mialiko ya harusi. Nilipomuuliza, aliniambia, "Kaka, kuandika kunalipa nini?" Sikumjibu. Sidai kwamba kuna mtu aliwatisha. Hakuna aliyewatisha, na hilo ndilo linaloniumiza, maana mtu anayehisi kwamba huenda anasikilizwa hujifunga mdomo mwenyewe, na hakuna atakayekuja kushtakiwa kwa kumfunga.

Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwa umma kuwataka wanaotumia VPN, yaani programu zinazoficha njia ya mawasiliano, watoe taarifa zao, pamoja na anwani zao za mtandao, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Nakiri kwamba siku ile nilicheka. Ni sawa na kumwambia aliyejifunika shuka ajiandikishe kwa mjumbe rangi ya shuka yake. Lakini wateja wangu hawakucheka. Watatu waliniomba niwafutie programu hiyo siku hiyohiyo, na mmoja wao ni mhasibu ambaye mwajiri wake ndiye aliyemtaka aitumie ili kulinda hesabu za kampuni.

5. Dirisha linalotobolewa kwa ajili ya serikali halichagui anayechungulia. Ugiriki, kati ya 2004 na 2005, watu ambao hawakutambuliwa waliingia kwenye mitambo ya kampuni moja ya simu na kuutumia mfumo uliowekwa kwa ajili ya usikilizaji halali, wakasikiliza simu za watu zaidi ya mia moja, akiwamo Waziri Mkuu mwenyewe. Hawakutoboa tundu jipya, walilitumia lililokuwapo. Huko Marekani, Novemba 2024, serikali ilithibitisha kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China waliingia kwenye mitandao ya makampuni ya simu, wakachota kumbukumbu za simu za wateja, na wakanakili hata baadhi ya taarifa zilizokuwa zimeombwa na vyombo vya dola kwa amri za mahakama. Mwezi uliofuata wakala wa usalama wa mitandao wa serikali hiyohiyo, ambayo kwa miaka mingi imevutana na makampuni juu ya ujumbe uliofungwa, uliwashauri viongozi waliokuwa hatarini watumie ujumbe uliofungwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Nchi yenye fedha na wataalamu kama ile imeshindwa kulilinda dirisha lake. Daftari langu lililindwa na kufuli ya droo, nayo haikuwasumbua wale wawili.

6. Nimeiweka hoja hii mwisho kwa kuwa ndiyo iliyonileta. Anayefuatiliwa haambiwi. Si wakati anafuatiliwa, jambo ambalo kila mwenye akili atalielewa, bali hata baada ya upelelezi kwisha na kukutwa hana hatia yoyote. Hivyo mtu aliyeonewa hawezi kulalamika, kwa kuwa hajui. Hawezi kwenda mahakamani, kwa kuwa hana cha kuonyesha. Na takwimu zitasema hakuna malalamiko, kisha tutaambiwa hiyo ni dalili kwamba mambo ni shwari.

Jambo hili lina dawa na wenzetu wameanza kuinywa. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri lililofunguliwa na kituo cha waandishi wa habari za uchunguzi cha amaBhungane baada ya mwandishi wao Sam Sole kugundua kwamba simu yake ilikuwa ikisikilizwa, ilisema sheria ya unasaji ya nchi hiyo inakiuka Katiba kwa sababu, pamoja na kasoro nyingine, haikuwa na utaratibu wa kumwarifu mtu baada ya ufuatiliaji kumalizika. Mahakama ilisema pia kwamba unasaji wa jumla, wa kukusanya mawasiliano ya kila mtu kama mvuvi anayekokota kokoro, haukuwa na msingi wowote wa kisheria, na kwamba waandishi wa habari na mawakili wanahitaji ulinzi wa ziada. Sole hakuambiwa na serikali. Alijua kwa kuwa mazungumzo yake yalijitokeza kwenye nyaraka za kesi nyingine. Je, ni wangapi ambao mazungumzo yao hayajawahi kujitokeza popote? Azimio la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza na Upatikanaji wa Habari Barani Afrika, lililopitishwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2019, linataka hayohayo kwa nchi zote: idhini ya chombo huru cha mahakama kabla, taarifa kwa mhusika baadaye, na usimamizi ulio huru.

Mheshimiwa Waziri, majibu nitakayopewa nayafahamu, kwa sababu nimeshapewa kwa mdomo kwenye benchi za kusubiria.

Nitaambiwa ni usalama. Sisi wa mpakani hatuhitaji kufundishwa maana ya usalama. Tumepokea watu wanaokimbia vita kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na ziwani tumeshaporwa injini na nyavu. Nataka wahalifu wasikilizwe, tena kwa amri ya hakimu, ambayo haimchukui mtu mwenye ushahidi muda mrefu. Ninachokikataa ni kusikiliza kila mtu ili kumpata mmoja. Marekani ilijaribu. Baada ya Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwa NSA kupitia mkandarasi, kufichua Juni 2013 kwamba NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za raia kwa jumla, bodi huru ya nchi hiyo inayosimamia faragha na haki za kiraia iliupima mpango huo na kusema Januari 2014 kwamba haikupata hata tukio moja la tishio dhidi ya nchi hiyo ambamo mpango ule ulileta tofauti ya maana katika uchunguzi wa ugaidi. Mwaka 2015 Bunge lao likauondoa. Hapa kwetu tulisajili laini kwa alama za vidole, tukapanga foleni hadi tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Desemba 31, 2019 hadi Januari 20, 2020, wengine wakazimiwa laini kwa kukosa namba ya NIDA. Na juzi tu nimepokea tena ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Alama zangu za vidole zimo serikalini. Za tapeli sijui ziko wapi.

Nitaambiwa asiye na cha kuficha haogopi. Mwenye kusema hivyo namwomba aniachie simu yake kaunta, bila nywila, kwa nusu saa tu. Sijampata bado.

Nitaambiwa mitambo iliyopo ni ya kuhakiki mapato, kama ilivyoelezwa tangu ulipofungwa mkataba wa TTMS, mfumo wa kufuatilia simu zinazopita kwenye mitandao, mwaka 2013, na kwamba mfumo huo unahesabu simu na hausikilizi. Inawezekana kabisa ni hivyo. Sina ushahidi wa kinyume chake, na sitasingizia. Lakini hoja ya 3 inabaki palepale, kwa kuwa kuhesabu simu ni kusoma bahasha. Tena neno la mwenye mtambo juu ya mtambo wake halitoshi. Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi tunaomba mtu asiye kata aruhusiwe kuchungulia mtungini.

Nitaambiwa, mwisho, kwamba tayari tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Nimeisoma sheria hiyo, na kwa duka langu imeleta kazi ya haki kabisa: kutunza daftari, kueleza sababu ya kuchukua taarifa, kutozitoa ovyo. Lakini masuala ya usalama wa Taifa na upelelezi yamewekewa misamaha yake humohumo. Mimi naweza kuadhibiwa nikimpa jirani namba ya mteja. Wale wawili waliopiga picha kurasa kumi na saba, nani atawauliza?

Kwa heshima, naomba yafuatayo.

Kwanza, vifungu vya 31 na 32 vya Sheria ya Makosa ya Mtandao vipelekwe bungeni virekebishwe, ili upekuzi wa kompyuta na utoaji wa taarifa za mawasiliano, bahasha na kilichomo, uhitaji amri ya mahakama. Ikitokea dharura ya uhai wa mtu, ofisa aruhusiwe kutenda kisha afike mbele ya hakimu ndani ya saa chache kueleza alichofanya, na hakimu akikataa, kilichochukuliwa kifutwe.

Pili, wakati marekebisho yakisubiriwa, wizara yako na TCRA zitoe waraka mfupi, wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, unaoeleza kwamba mtoa huduma yeyote, kuanzia kampuni kubwa hadi duka kama langu, ana haki ya kuomba kitambulisho cha ofisa na amri ya maandishi, kubaki na nakala yake, na kutoadhibiwa kwa kuomba. Nitaubandika ukutani chini ya kamera. Hili halihitaji Bunge wala bajeti, na kama mengine yote yatachelewa naomba hili lisichelewe.

Tatu, sheria imtake aliyefuatilia amwarifu aliyefuatiliwa ndani ya muda maalumu baada ya upelelezi kwisha, na anayetaka muda huo uongezwe aombe kwa hakimu na atoe sababu.

Nne, zichapishwe kila mwaka namba tu, bila majina: maombi mangapi yalipelekwa kwa makampuni ya simu na intaneti, mangapi yalikuwa na amri ya mahakama, mangapi yalikataliwa. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au jaji atakayeteuliwa kwa kazi hiyo, aruhusiwe kuikagua mitambo yenyewe na kutoa taarifa yake bungeni.

Tano, masharti ya kamera na daftari katika huduma za intaneti yapitiwe upya. Kama yatabaki, yaeleze wazi kumbukumbu hizo zifutwe lini na nani pekee anaweza kuzidai. Daftari langu lina umri wa miaka kadhaa sasa, na hakuna aliyewahi kuniambia nilichome lini.

Naomba kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku thelathini, hata kama jibu ni hapana. Kuanzia Jumatatu ijayo, bila kusubiri jibu hilo, nitaanza kuwaambia wateja wangu mmoja mmoja, wale ninaowakumbuka na wale ambao namba zao zimo daftarini, kwamba majina yao yalichukuliwa jioni ile na mimi ndiye niliyelifungua daftari.

Jina langu, namba ya simu na namba ya kitambulisho changu vimo kwenye nakala nitakayoiwasilisha masjala ya wizara yako kwa mkono wa ndugu anayesafiri kwenda Dodoma. Kwenye nakala hii ya hadharani sikuviweka, na nadhani Mheshimiwa hutaniuliza kwa nini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la steshenari na intaneti,
Mwanga, Kigoma.